Mafuta Yaliyo Chini ya Mti: Historia ya Parachichi na Ngozi Zetu Hapa Rungwe

 

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Leo nataka tuzungumze juu ya ngozi yako. Usicheke. Miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlima Rungwe na upepo mkavu unapopita Isongole na Kiwira, sote tunajua hali inavyokuwa. Mikono inapauka, midomo inapasuka, na visigino vinaota magaga mpaka kuvaa viatu ni shida. Hapo kila nyumba hutafuta fedha ya kununua kopo la mafuta dukani.

Na katika nyumba hizo hizo, kila msimu, yako maparachichi yanayoozea chini ya mti. Mengine yameangushwa na upepo, mengine mnunuzi ameyakataa kwa kuwa ni madogo au yana doa kwenye ganda. Nguruwe wanakula, inzi wanakula, na yanayobaki yanakuwa matope. Ndani ya matunda hayo mna mafuta ambayo viwanda vya ng'ambo huyatia katika sabuni na vipodozi vya bei kubwa.

Imekuwaje tukawa na mafuta chini ya mti, na bado tukawa wanunuzi wa mafuta? Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie pamoja. Tukiipitia vizuri tutaona jambo moja ambalo ni la faida kwa anayetaka mafuta ya kujipaka, na vilevile kwa anayetaka kuuza matunda kwa bei nzuri: mafuta ya parachichi huletwa na muda. Atakayevuna kabla ya muda amevuna maji.

Kabla ya parachichi

Wazee wetu hawakukaa na ngozi kavu wakisubiri duka. Rungwe ilikuwa nchi ya ng'ombe na migomba tangu zamani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu sana nchi hii kwa uzuri wake. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Rungwe katika miaka ya 1930 wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, waliandika kwa urefu juu ya ng'ombe, maziwa na ndizi. Palipo na ng'ombe pana siagi, na mahali pengi katika Afrika ya Mashariki siagi na samli zilikuwa za kula na za kujipaka pia. Penye mbarika watu walikamua mafuta ya nyonyo. Pwani walikuwa na nazi na ufuta. Kila nchi ilijipaka kile ilichokuwa nacho.

Tena walijua walichokuwa wakifanya. Hebu fikiria ukuta wa nyumba ya matofali. Tofali peke yake haliwezi kuzuia upepo, mpaka kati ya tofali na tofali uwepo udongo wa kujengea. Ngozi ya mwanadamu ndivyo ilivyo. Juu kabisa pana tabaka la vipande vidogo vilivyokufa, vimepangwa kama matofali, na katikati yake mna mafuta ya asili ya mwili. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotee hewani. Baridi kavu, sabuni kali na kazi ya jembe huyaondoa. Udongo wa kujengea ukitoka, ukuta unapitisha upepo. Maji yanatoka, ngozi inakakamaa na kupasuka. Unapojipaka mafuta unaziba nyufa hizo kwa muda, mpaka mwili utengeneze mafuta yake wenyewe.

Parachichi lilipotoka

Mparachichi si mti wa kwetu kwa asili. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Katika mapango ya bonde la Tehuacán, huko Meksiko, yamekutwa mabaki ya tunda hili yenye umri wa maelfu ya miaka. Wenyeji waliliita ahuacatl, na Wahispania walipofika wakalikuta linalimwa na kuliwa. Mwaka 1519 Mhispania mmoja, Martín Fernández de Enciso, aliliandika katika kitabu chake, akaifananisha nyama yake ya ndani na siagi. Na baadhi ya watu wetu wa pwani waliuita mti huu mwembe mafuta. Yaani watu wa pande mbili za dunia walilishika tunda, wakalionja, na wote wakaona jambo lile lile: tunda hili lina mafuta.

Lakini si maparachichi yote yenye mafuta sawa, nawe unalijua hilo. Shambani kwako huenda una mti ambao tunda lake ni zito, likiiva unalipaka kwenye mkate kama siagi. Jirani yako ana mti ambao tunda lake ni kubwa, la kupendeza macho, lakini ukilila unaona umekula maji. Sababu yake ni hii. Parachichi lina koo tatu. Ukoo wa milima ya Meksiko una ganda jembamba, unavumilia baridi, na una mafuta mengi. Ukoo wa Guatemala una ganda nene. Ukoo wa tatu, ule wa nchi za joto za bondeni, una maji mengi na mafuta kidogo. Koo hizi huchanganyika kwa urahisi, na kokwa utakalopanda halizai tunda sawasawa na la mama yake. Ndiyo maana katika kijiji kimoja unaweza kuona miti kumi, na matunda ya aina kumi.

Lilifikaje Rungwe? Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika katika nchi hii. Wamoravian walianza kituo chao Rungwe, na Waberlin nao wakaanza chao, wakiongozwa na Alexander Merensky. Baadaye serikali ya Wajerumani iliweka makao yake hapa Tukuyu, wakapaita Neu-Langenburg. Masimulizi yaliyoenea sana husema kwamba ni wamisionari hao walioleta miche ya kwanza ya parachichi. Mti ulipenda mahali hapa, na sababu zinaonekana: udongo wa volkano wenye kina, mvua ya kutosha, na baridi ya kiasi.

Miaka ya tunda lisilo na bei

Basi mti ukaenea. Watu walitupa makokwa nyuma ya nyumba, yakaota. Lakini kwa muda mrefu parachichi halikuhesabiwa kuwa zao. Kahawa ilikuwa zao, chai ilikuwa zao, ndizi na maziwa vilikuwa chakula na fedha. Parachichi lilikuwa tunda la watoto, kivuli cha kahawa, na chakula cha nguruwe.

Wakati huo huo mafuta ya kujipaka yalibadilika. Mwaka 1872 Mmarekani aitwaye Robert Chesebrough alipata hati ya kumiliki utengenezaji wa mafuta ya mgando yanayotokana na mafuta ya petroli, akayapa jina la Vaseline. Makopo ya namna hiyo yakaenea duniani, yakafika katika maduka yetu. Hayaozi, hayana harufu ya ng'ombe, na kopo ni dogo la kubebeka. Nyumba nyingi zikaacha siagi zikashika kopo.

Ndugu mkulima, sisemi mafuta ya mgando ni mabaya. Nitakuwa nakudanganya. Kwa kazi ya kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, yanashinda mafuta mengi ya mimea. Shida yake ni kwamba yanatoka dukani, na duka lina siku zake.

Wazazi wetu wanazikumbuka siku hizo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mpaka katikati ya miaka ya 1980, bidhaa ziliadimika nchini. Sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya kupikia ya foleni, na mafuta ya kujipaka ndiyo usiseme. Ukisikia gari limeleta bidhaa, unaacha jembe na kukimbilia duka la ushirika. Watoto walikwenda shule wamepauka kama waliotoka kwenye majivu. Na miparachichi ya Rungwe iliendelea kuzaa miaka hiyo yote. Tunda lilianguka, likaoza. Sikutajii hayo ili kuwalaumu wazee wetu. Walikuwa hawajaonyeshwa namna ya kuyatoa mafuta, na sisi tunaojiita wataalamu hatukuwafikia na somo hilo.

Huko ng'ambo walifanya nini

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana huko ndiko somo letu lilikoandikwa kuwa sheria.

Katika jimbo la California, Marekani, wakulima walianza kupanda parachichi kwa biashara mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1911 walileta vikonyo vya kubebesha kutoka Atlixco, Meksiko. Mwaka 1913 ikaja baridi kali iliyoua miche mingi, lakini aina moja ikavumilia. Wakaiita Fuerte, neno la Kihispania lenye maana ya mwenye nguvu. Katika miaka ya 1920 tarishi mmoja wa posta, Rudolph Hass, alipanda kokwa katika shamba lake dogo. Mti ukazaa tunda lenye ganda gumu la vipele, ambalo hugeuka jeusi likiiva. Mwaka 1935 akapata hati ya kuumiliki. Hass zote unazoziona leo, za Rungwe, za Njombe, za Kenya na za Peru, ni vikonyo vilivyotokana na mti ule mmoja. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002.

Lakini wakulima wa California walipata balaa ambalo sisi tunalifahamu sana. Bei ilipokuwa nzuri mwanzoni mwa msimu, kila mtu alikimbilia kuvuna. Matunda machanga yakaingia sokoni. Mama wa mjini ananunua tunda, analiweka wiki nzima, linasinyaa kama mpira, halilainiki. Anaapa hatanunua tena. Soko likaanza kuharibika kwa wote, hata kwa yule aliyevuna vizuri.

Mwaka 1925 wakaweka sheria: parachichi lisiuzwe mpaka liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 8. Angalia vizuri, ndugu yangu. Hawakupima ukubwa wala uzuri wa ganda. Walipima mafuta. Kwa kuwa kupima mafuta ni kazi ngumu, mwaka 1983 wakabadili kipimo wakaanza kupima nyama kavu. Tunda linapokomaa maji hupungua na mafuta huongezeka mahali pake, kwa hiyo ukikausha nyama ya tunda na kupima kinachobaki, umejua habari za mafuta. Kwa Hass, kiwango cha chini kinachotumika katika biashara ya dunia ni karibu gramu 21 kavu katika kila gramu 100 za nyama ya tunda.

Na matunda yaliyokataliwa, madogo na yenye makovu, hawakuyatupa yote. Mengine yalikwenda kukamuliwa. Kwa miaka mingi mafuta ya parachichi yaliyotengenezwa duniani yalikuwa hasa ya vipodozi. Nyama ilikaushwa, mafuta yakatolewa kwa dawa za viwandani, yakasafishwa mpaka yakapoteza rangi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko New Zealand wakaanza kwa biashara njia ya kukamua kwa joto dogo, bila dawa, mafuta yakabaki na rangi ya kijani na harufu ya tunda. Kazi ya namna hiyo ipo hata kwa jirani zetu: huko Murang'a, Kenya, kiko kiwanda kinachokamua mafuta ya parachichi kwa matunda ya wakulima wadogo kama wewe.

Hass inafika kwetu, na tamaa inafika nayo

Hapa Rungwe upandaji wa Hass kwa ajili ya soko la nje ulipamba moto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Miche ya kubebeshwa ikagawiwa, wanunuzi wakaja, na tunda la watoto likageuka kuwa zao lenye bei. Mwezi Novemba mwaka 2022 nchi yetu ilitiliana saini na China makubaliano ya kuuza parachichi huko. Mti uliodharauliwa kwa miaka mingi sasa unasomesha watoto.

Lakini na ule ugonjwa wa California umefika. Mlanguzi anapita shambani mapema, ana gari na ana fedha mkononi, na wewe una ada ya mtoto. Anakuambia uza leo, kesho bei itashuka. Unachuma. Tunda halijakomaa. Likifika sokoni linasinyaa, na mnunuzi wa huko hataji jina lako, anataja jina la Rungwe. Mwaka unaofuata bei inashushwa kwa mkulima mvumilivu pia, kwa kosa ambalo si lake.

Nami ninayekuandikia haya nililipata somo hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwakusanya akina mama wa kijiji kimoja, nikawaahidi kuwafundisha kutengeneza mafuta ya kujipaka. Mnunuzi alikuwa amepita siku chache kabla, ameacha lundo la matunda madogo. Nikasema hayo ndiyo tutakayotumia, kwa kuwa ni ya bure. Hata hayakutaka kulainika, tukayaponda kwa nguvu. Tukakoroga sufuria tangu asubuhi. Kuni zikaisha, zikaletwa nyingine. Jioni tulikuwa na uji mweusi wenye uchungu, na mafuta hayakujaa hata kijiko. Akina mama hawakunicheka usoni. Bibi mmoja alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia kwa upole, "Bwana Shamba, mwanangu, hata ng'ombe hakamuliwi kabla hajazaa." Nilikuwa nimesoma chuoni habari za asilimia 8 na nyama kavu. Yeye hakuwa ameisoma sheria hiyo, lakini aliijua.

Tulirudia kazi ile miezi kadhaa baadaye kwa matunda yaliyokomaa, na mafuta yakatoka.

Namna ya kujua tunda limekomaa

Jambo la kwanza ukumbuke: parachichi halilainiki likiwa mtini. Hukomaa mtini, lakini huiva likishachumwa. Kwa hiyo mti wako ni ghala. Tunda linapoendelea kuning'inia, mafuta yanaendelea kuingia. Hata hivyo usiliache mpaka lianguke lenyewe, na usiuchelewesha mti kupita kiasi, maana mzigo wa mwaka huu ukikaa mno hupunguza mazao ya mwaka ujao.

Fanya jaribio hili. Chuma matunda mawili au matatu makubwa kwa mkasi, ukiacha kikonyo kifupi. Yaweke ndani ya nyumba, siku saba hadi kumi hivi. Yakilainika sawasawa, bila kusinyaa, yamekomaa. Yakisinyaa shingoni na kuwa kama mpira, subiri. Kisha pasua tunda jingine uangalie kokwa. Ngozi ya kokwa ikiwa nyembamba, kavu na ya kahawia kama karatasi, tunda limekomaa. Ikiwa nene, nyeupe na yenye majimaji, bado.

Wala usivune kwa kalenda ya jirani. Anayelima chini kuelekea Kyela ana joto, matunda yake hukomaa mapema. Wewe uliye juu, kwenye miteremko ya mlima, tunda lako huchukua muda mrefu zaidi. Pima la kwako.

Mafuta haya yana nini

Katika mafuta ya parachichi, sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, ni asidi ya oleiki, ile ile iliyomo kwa wingi katika mafuta ya zeituni. Zimo pia asidi za palmitiki na linoleiki, vitamini E, na sehemu ndogo ya vitu ambavyo havigeuki sabuni hata ukiyapika mafuta na kostiki. Kwa lugha ya kawaida: ni mafuta mazito kiasi, yanaenea vizuri, yanalainisha ngozi iliyokakamaa, na hayabaki juu yote kama mafuta ya mgando. Asubuhi ya baridi kali yanaweza kuganda kidogo au kuwa na ukungu. Hayajaharibika, yasogeze mahali penye joto.

Matumizi yake ni haya. Jipake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ili mafuta yafungie maji yale ndani. Kwa magaga, loweka miguu katika maji ya vuguvugu, isugue, jipake, kisha vaa soksi ulale. Yanafaa kwa mikono ya mchuma chai na kwa nywele kavu. Pia yanaweza kutiwa katika sabuni ya kutengeneza kwa mkono.

Namna ya kuyatoa nyumbani

Kwanza, chagua matunda yaliyokomaa na yaliyoiva. Hass inafaa, na mti wako wa kienyeji wenye tunda zito unafaa vilevile. Madogo na yenye makovu ya ganda hayana neno, lakini yaliyooza au yaliyoingia ukungu yatupe. Yaoshe, menya, toa kokwa.

Pili, ponda nyama mpaka iwe laini kabisa. Itie katika sufuria pana, weka kwenye moto mdogo, na ukoroge kwa mwiko bila kuacha. Usiharakishe moto, ukiungua mafuta yatanuka moshi. Maji yatakauka, rangi itakolea, na utaanza kuona mafuta yakimetameta pembeni.

Tatu, funga katika kitambaa safi na kikavu, ukamue kwa nguvu au ukandamize kwa jiwe zito. Yaache yatulie usiku mmoja. Asubuhi mimina ya juu taratibu, masimbi yabaki chini. Yapashe moto kidogo kuondoa maji yaliyobaki, kisha chuja.

Usitegemee miujiza. Kilo 10 za matunda hutoa nyama kiasi cha kilo 6 au 7. Kama mafuta ni asilimia 15, ndani yake mna mafuta karibu kilo 1, nawe kwa mkono hutayatoa yote. Ndiyo sababu nasema kazi hii ni ya matunda yaliyokataliwa. Matunda mazuri yauze.

Nne, tia katika chupa kavu ya rangi ya giza, ijae mpaka shingoni, ufunge vizuri, uandike tarehe. Usiiweke dirishani ipendeze. Ule ukijani wa mafuta haya hunasa mwanga, na mwanga huyafanya yachache upesi. Tengeneza kidogo kidogo, na siku yakianza kunuka uvundo wa mafuta ya zamani, usijipake.

Ya kuangalia

Mafuta haya si dawa. Mwenye ukurutu, vidonda au vibarango aende zahanati. Kwa mtoto mchanga usiyatumie mpaka umemwuliza mganga, maana ngozi yake bado ni changa. Mtu anayedhurika na mpira wa glovu anaweza kudhurika na parachichi pia. Ajaribu tone moja mkononi kwanza, asubiri siku nzima. Mafuta haya hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino waendelee kutumia mafuta yao maalumu ya kukinga jua, na kofia. Wala usiyachanganye na mkorogo wa kubadili rangi ya ngozi.

Jambo jingine, na hili ni kwa mwenye ng'ombe wa maziwa na mbuzi: majani, maganda na makokwa ya parachichi yana sumu kwa mifugo. Yanaweza kuvimbisha kiwele, kukausha maziwa na kudhuru moyo. Ukipogoa mti, usiwatupie mifugo matawi.

Na ukitaka kuuza mafuta hayo, usiuze kwa kificho. Nendeni kwa kikundi mkaonane na SIDO Mbeya juu ya mafunzo na vyombo, na TBS juu ya ubora na kibali.

Neno la mwisho ni juu ya ile miti ya zamani. Siku hizi nasikia shoka likilia, watu wanakata miparachichi ya kienyeji ili wapande Hass tu. Usiwe na haraka. Kabla hujakata, onja tunda lake. Ukiona ni zito na lenye mafuta, mti huo ni wa kuuacha: utakupa makokwa ya kuotesha miche ya kubebeshea, na utakupa mafuta ya nyumba yako. Kama tunda ni maji matupu, unaweza kuukata shina na kuubebesha Hass juu yake, mizizi yake ya miaka mingi isipotee bure.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Basi msimu huu, kabla mlanguzi hajabisha hodi, chuma yale matunda matatu uyaweke ndani ya nyumba, uhesabu siku. Akija, mwonyeshe. Na yale atakayoyakataa usiyaachie nguruwe yote. Juni haiko mbali.